Chungu cha Kumi na Mbili

Mfinyanzi hulia gaeni. Mmeisikia leo mkacheka mpaka mkashika mbavu, kwa sababu mama yenu aliitamka alipoona mlango wa fundi Masoud, seremala wetu, umefungwa kwa kamba ya katani badala ya bawaba. Sasa mmenijia mnauliza imetoka wapi. Vyema. Anayeuliza chanzo ni bora kuliko anayecheka tu, ingawa ninyi mmefanya yote mawili. Sogeeni karibu, na wewe uliyekalia ungo wangu, inuka. Methali hii, kama nilivyoipokea kwa bibi yangu, ilianza hivi.

Zamani, watu walipokuwa wakihama kwa miguu na mali yote ya nyumba ikaenea mgongoni mwa punda mmoja, kijiji cha Mtokuu kilikuwa na mtu aitwaye Mbwana Shee. Mkewe, Mize, alikuwa mfinyanzi. Mbwana alichimba udongo, akakata kuni, akapeleka vyungu sokoni. Lakini mikono iliyougeuza udongo ukawa chungu ilikuwa ya Mize, na Mbwana hakuona haya kulisema hilo mbele za watu. Walikuwa na binti mmoja, Time, wa miaka kumi hivi, ambaye kwa maswali angemchosha hata kadhi.

Mwaka huo mto ulihama njia. Kwanza ulikula shimo la udongo, kisha shamba la mhogo, na mwisho ukauchukua ukuta wa nyumba mchana kweupe, wenyewe wamekaa wanakula. Mtokuu pakawa hapakaliki tena.

Mbwana alikuwa amesikia habari za Kilimahewa, mwendo wa siku nne. Ni kijiji cha nyumba kumi na mbili, kina bonde lenye udongo mweusi wa kufinyangia, lakini hakina mfinyanzi hata mmoja. Akatuma salamu kwa Jumbe Mwinyikondo, mkuu wa kijiji, kuomba mahali pa kukaa. Jibu lilirudi waziwazi. Mgeni aje na chungu kimoja kwa kila nyumba, atapewa kiwanja kando ya bonde na bonde lenyewe litakuwa lake. Akishindwa, yuko mfinyanzi mwingine ng'ambo ya mto, naye ameomba hilo hilo.

Mize akafinyanga kwa udongo wa mwisho wa Mtokuu. Alipochoma, vilitoka vyungu kumi na vitano. Akavikalisha chini mstari mmoja akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, kama wafanyavyo wafinyanzi wote. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa, hata kama jicho halioni kitu. Vyote kumi na vitano vililia.

"Kumi na mbili hivi ni vya watu," akasema. "Hivi vitatu ni vyetu."

Wakavipanga vile kumi na mbili katika matenga mawili, sita huku na sita huku, wakajaza nyasi kavu kila penye nafasi ili visigongane, wakamtwika punda. Vile vitatu vyao wakavichukua wenyewe. Mize kimoja kichwani, Time kimoja kichwani, na Mbwana cha tatu kwenye mzegamzega, ule mti wa begani, upande huu chungu na upande ule majembe na mkeka. Wakatoka na jua changa. Mbwana hakugeuka nyuma, maana aliogopa angelia, na punda naye alihitaji kuongozwa na mtu anayeona.

Siku ya kwanza walifika kwenye mto mkubwa. Mwenye mtumbwi aliwatazama watu akasema sawa, alipomtazama punda akatikisa kichwa.

"Huyo atanipindulia chombo," akasema. "Nitamvusha kwa malipo ya chungu kimoja."

Mbwana akanyoosha mkono kwenye tenga. Mize akamshika.

"Baba Time, hivyo vina wenyewe."

"Wenyewe hawajaviona bado."

"Mimi nimeviona. Toa hicho cha begani."

Basi chungu cha Mbwana kikabaki kwa mwenye mtumbwi. Siku ya pili walilala katika nyumba ya mtu mwema kando ya njia. Mke wa mtu yule alikuwa amejifungua siku mbili tu zilizopita, na chungu cha kuchemshia maji ya kumkandia mzazi kilikuwa kimepasuka asubuhi ile. Ndugu za mwanamke walikuwa wakihangaika na vibuyu. Mize hakumwuliza mtu. Alikiteremsha chungu chake kichwani, akakitia maji, akakipandisha jikoni. Kesho yake wakaondoka amekiacha pale pale juu ya mafiga, na mzazi akawaombea dua mpaka walipopotea machoni.

Siku ya tatu, kwenye mteremko wenye utelezi, Time alikwenda chini matako kwanza. Chungu kikaruka kikatua juu ya jiwe. Mtoto akaangua kilio, si kwa maumivu, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa chungu chao cha mwisho, na ndicho walichokuwa wakipikia njiani.

"Nyamaza, mwanangu," Mize akamwambia, akimpangusa matope. "Afadhali chungu kuliko shingo. Chungu nitafinyanga kingine."

"Sasa sisi tutapikia nini, mama?"

"Leo tutachoma mihogo. Mihogo ya kuchoma haina kosa."

Mbwana aliyasikia hayo. Alimpenda mkewe, tena alimwamini. Lakini moyoni alianza kuona kwamba katika safari ile kila hasara ilijua njia ya kwao tu. Vya watu kumi na mbili vimelala kwenye nyasi kama mayai, vya kwao vitatu vimekwisha. Hata hivyo alijipa moyo. Kumi na mbili ndivyo vilivyotakiwa, na kumi na mbili vipo.

Asubuhi ya nne walikuta mlima. Juu yake ndiko Kilimahewa. Punda akautazama, akapanda hatua ishirini, akasimama. Mbwana alimbembeleza, alimsukuma, alimtukania ukoo. Wapi! Mnawajua punda. Mize na Time walikuwa wametangulia mbele na mkeka. Hapo Mbwana akapata wazo ambalo lilionekana zuri sana wakati ule. Alichomoa gao la nyasi kavu kutoka katika tenga, akamwonyesha punda. Punda akala, akapanda hatua kumi. Akachomoa gao jingine. Punda akala, akapanda. Kwa hila hiyo walifika karibu na kilele, mtu anajisifu akili na mnyama amenenepa, na matenga yakiwa hayana nyasi za kutosha hata kutengenezea kiota.

Ndipo punda alipojikwaa. Hakujikwaa sana, ila ndani ya tenga la kushoto kulisikika *ko*, sauti ndogo, kavu.

Mbwana akatia mkono. Akagonga cha kwanza, kikalia. Cha pili kikalia. Cha tatu hakikulia.

Akakigeuza juani. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia mdomoni umeshuka hadi tumboni. Akilini aliona wamefukuzwa, mkewe amekaa chini ya mti na mkeka, masika yanawanyeshea, na mtoto anauliza wanakwenda wapi. Kisha akaona mzinga wa nyuki uliotupwa kando ya njia. Nta kavu ilikuwa imegandia mlangoni mwake. Akaibandua, akailainisha kwa vidole, akaisindilia ndani ya ufa. Akapaka masizi kutoka chini ya chungu kile kile. Ukitazama huoni kitu. Akakirudisha katika tenga, akang'oa majani mabichi kuziba nafasi, akapanda mlima huku jasho linamtoka ambalo si la jua.

Watu wa Kilimahewa walikuwa wamekwisha kukusanyika uwanjani. Hodi zikapigwa, shikamoo zikatolewa, maji ya kunywa yakaletwa. Jumbe Mwinyikondo alikuwa mzee mfupi, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Mbwana akaviteremsha vyungu akavipanga mbele yake. Kile chenye ufa akakiweka mwisho kabisa, upande wa ufa ukiangalia nyuma.

"Kumi na mbili," Jumbe akasema, na uso wake ukakunjuka. "Mmetimiza. Wenye nyumba, njooni mmoja mmoja."

"Jumbe, kwa idhini yako," Mize akasema. "Kwetu mfinyanzi hatoi chungu bila kukigonga mbele ya anayekipokea. Naye asikie."

Mbwana alikuwa amesahau desturi ambayo ameiona miaka kumi na miwili! Au hakuisahau, aliiombea isahaulike.

Mize akachuchumaa. Akagonga cha kwanza, kikalia vizuri, watu wakaguna kwa raha. Mwenye nyumba akakibeba. Cha pili. Cha tatu. Watu walizidi kufurahi, watoto wakawa wanaiga sauti: *nge, nge*. Mpaka cha kumi na moja. Kikabaki kimoja, na nyumba moja, ya Bi Mosi, ajuza aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji. Bi Mosi alikuja na kitambaa cha kichwa safi, amenyoosha mikono yote miwili kabla hata hajapewa.

Mize akagonga.

Hakuna mwana Kilimahewa aliyeijua tofauti. Kwao ilikuwa sauti tu ya chungu. Mize akagonga tena, mahali pengine, polepole. Kidole chake kikapita mdomoni mwa chungu, kikashuka, kikagusa nta. Akainua macho akamtazama mumewe. Alimtazama tu, na Mbwana akaona kwamba mkewe hatamwaibisha mbele za watu, wala hatakitoa chungu kile. Atakaa pale amechuchumaa, amekishika, mpaka jua lizame. Na Bi Mosi bado amenyoosha mikono.

"Kina nini, mwanangu?" ajuza akauliza.

Mbwana akapiga moyo konde.

"Kina ufa, bibi," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ufa huo nimeufanya mimi. Nimemlisha punda nyasi za kwenye tenga ili apande mlima, vyungu vikagongana. Kisha nikauziba kwa nta nikaupaka masizi. Mke wangu hakujua. Amejua sasa hivi, pamoja nanyi."

Mtu mmoja akacheka aliposikia habari za punda, akajizuia. Bi Mosi akairudisha mikono yake taratibu.

"Ningekipandisha jikoni usiku huu," akasema. "Nta ikayeyuka. Uji wote miguuni mwangu."

"Ndiyo, bibi."

"Miguu yenyewe ni hii hii miwili."

"Nisamehe, bibi yangu."

Mbwana alisubiri hukumu akiwa amesimama wima, maana maadamu amekwisha kulisema, aliona kuinama hakuna faida.

"Nyumba kumi na mbili," Jumbe akasema hatimaye, "vyungu kumi na kimoja. Sikupi bonde kwa maneno mazuri, wala sikufukuzi kwa nta. Mawingu yale unayaona? Mvua ya kwanza ikishuka, bonde hujaa maji na udongo haufikiki mpaka baada ya masika. Bi Mosi apate chungu chake kabla ya mvua. Akikosa, nitamtumia salamu yule wa ng'ambo ya mto."

"Tumekubali, Jumbe," akajibu Mize kabla Mbwana hajafungua kinywa. Alisema kama mtu aliyeambiwa akachote maji kisimani.

Wakapewa banda la mbuzi lililokuwa tupu, karibu na bonde. Mbwana alitaraji kukaripiwa. Mize akamwambia neno moja tu: "Kachimbe." Udongo ulipokuja akaufinya, akaukunja, akaulaza kidoleni, akatikisa kichwa. Ulikuwa na mafuta mno. Udongo wa namna hiyo ukichomwa peke yake hupasuka vipande vipande. Hutiwa magae, vipande vya chungu cha zamani vilivyotwangwa, ndipo unapotulia motoni.

Akakishika chungu chenye ufa, akakipiga juu ya jiwe. Kikagawanyika. Kipande kimoja kilibaki kikubwa, nusu ya tumbo la chungu, kimebonyea vizuri. Hicho akakiweka kando. Vingine Mbwana akavitwanga mpaka vikawa unga, mikono ikamtoka malengelenge, wala hakulalamika.

Akafinyanga vitatu. Siku tano vikakaa kivulini kukauka. Kila jioni mawingu yalikusanyika, na kila asubuhi yalitawanyika, na Mbwana alijifunza dua ambazo hakujua anazijua. Chakula hakikuwa tabu, kwani jirani aliwaazima sufuria kuukuu ya kusongea ugali na Bi Mosi mwenyewe alileta mchicha. Lakini chombo cha kupakulia hawakuwa nacho. Wakapakua katika lile gae kubwa, wakalizunguka watu watatu, wakala kwa zamu ya tonge.

"Mama," Time akauliza siku ya pili, "watoto wa hapa wanasema sisi ni watu wa vyungu gani tusio na chungu?"

"Waambie waulize mama zao wanapikia nini," Mize akajibu, na akamega tonge.

Siku ya saba walichoma. Mbwana alilisha kuni kwa mkono, kidogo kidogo, hakuthubutu hata kukohoa. Ndani ya moto kukasikika mpasuko mmoja. Baadaye mwingine. Moto ulipokufa wakafukua majivu. Viwili vimepasuka. Cha tatu kimekaa kizima, cheusi, kinang'aa ubavuni. Mize akakigonga. Kikalia mpaka jirani akatoka nje.

Wakampelekea Bi Mosi wote watatu, Time mbele. Mize akakigonga mara mbili mbele yake. Ajuza akakipokea, akakipapasa, kisha akakinyoosha kumrudishia Mize.

"Mwanangu, mna mtoto, na mnakula gaeni kama kuku. Mimi ni mtu mmoja, nina kichungu changu kibovu, kitanifikisha. Hiki kaeni nacho ninyi. Jumbe nitamwambia mimi mwenyewe kwamba nimepata."

Mbwana alihisi yale maneno yakimpita mwilini kama maji ya moto. Safari hii Mize hakumtazama hata mumewe. Alishughulika kufunga kanga yake, akamwachia aamue mwenyewe. Mbwana akakichukua chungu mikononi mwa bibi, akaingia nacho ndani, akakikalisha juu ya mafiga yake matatu, akakitia maji.

"Kina mwenyewe, bibi," akasema.

Jioni ile Jumbe Mwinyikondo alishuka mpaka bandani. Alikuwa amepitia kwa Bi Mosi, ameona chungu kinachemka. Aliwakuta wameketi mkekani, gae katikati, ugali na mchicha ndani yake. Desturi haina mjadala. Anayekuta watu wanakula hukaribishwa.

"Karibu, Jumbe."

Mzee akavua viatu, akaketi, akanawa. Akalitazama lile gae.

"Mbwana Shee," akasema, "kijiji kizima leo kinapika kwa vyungu vya nyumba hii. Na nyumba hii haina hata chungu kimoja?"

Mtu yule yule aliyeficha ufa kwa nta siku saba zilizopita akanyoosha mgongo wake. Hakuona haya. Kwa kweli hakuwahi kuona fahari kama aliyoiona saa ile, mikono yake ikiwa na malengelenge na masizi.

"Vyungu vina wenyewe, Jumbe," akasema. "Mfinyanzi hulia gaeni. Mega tonge."

Jumbe akacheka kicheko cha kutoka tumboni, akamega, akachovya, akala gaeni pamoja nao mpaka gae likawa jeupe. Alipomaliza akanawa, akawaonyesha kwa mkono uliolowa mipaka ya kiwanja chao, kuanzia mti wa mkwaju hadi ukingo wa bonde. Mvua ilishuka siku ya tatu yake, ikawakuta wanaezeka.

Jumbe alilirudia neno lile barazani, wasafiri wakalibeba, likafika pwani na bara. Wengi husema kwa dhihaka, kama alivyosema mama yenu leo, wakimwona fundi anayewafaa wote asijifae mwenyewe. Wala hawakosei. Ila mkilitamka ninyi, litamkeni kama alivyolitamka Mbwana Shee, kifua mbele na tonge mkononi: mfinyanzi hulia gaeni.